Ugomvi wa Nyuzi Kabatini

Haya, watoto, sogeeni karibu. Aliye nyuma asije akasema hakusikia. Paukwa!

Pakawa!

Katika duka moja la vyombo vya muziki, Kariakoo, Dar es Salaam, palikuwa na kabati la kioo. Ndani ya kabati hilo zilining'inia pakiti za nyuzi za gitaa. Pakiti zenyewe ni nyembamba, za mraba, nyepesi kuliko daftari lako. Mchana zilinyamaza. Usiku, duka likishafungwa, zilisemezana.

"Mwenye sauti ni mimi," alijigamba Bronzi, aliyevaa koti la rangi ya dhahabu. "Nikipigwa uani, jirani wa nyumba ya tatu anatoka dirishani."

"Subiri niunganishwe na spika," alijibu Nikeli, mwenye koti la rangi ya fedha. "Jirani wako atahama."

Nailoni hakusema neno. Nailoni ni mpole. Vidole vya watoto vinampenda.

Kila asubuhi mteja alipoingia, wote walipiga kelele kimoyomoyo: "Nichague mimi! Nichague mimi!" Lakini muuzaji, mzee wa miwani na kofia ya kiua, alikuwa na swali lake moja. Hakulibadili hata siku moja. "Gitaa lako ni lipi?"

"Mjomba, mbona anauliza gitaa? Mteja si amefuata nyuzi?"

Umeuliza vizuri, mwanangu. Wapo watu wazima wamepiga gitaa miaka mingi hawajawahi kuliuliza swali hilo, na magitaa yao yamewalipa wanachostahili. Jibu anakuja nalo msichana yule pale mlangoni. Mwangalieni.

Alikuwa na umri wenu. Amebeba gitaa la marehemu babu yake, amelifunga kwa khanga.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Gitaa lako ni lipi?"

"Hili hapa. Nataka nyuzi za chuma. Za rafiki yangu zinalia sana. Hizi zangu zinanong'ona tu."

Mzee akafungua khanga. Hakuangalia nyuzi kwanza. Aliangalia daraja, kile kibao kilichogandishwa kwenye tumbo la gitaa, nyuzi zinapoishia. Akaona kila uzi umepita kwenye tundu, ukajizungusha, ukajifunga wenyewe. Akaangalia shingo: pana, zaidi ya sentimita 5 pale juu. Akaangalia kichwa: kimetobolewa madirisha mawili marefu, na ndani yake kuna vigogo vyeupe vya plastiki vinavyozungushwa na funguo.

"Hili ni gitaa la nailoni," alisema. "Nyuzi za chuma hazikai humu."

"Kwa nini, babu?"

"Litavunjika."

Hapo kabatini Bronzi alikohoa kidogo. Alijua ni yeye anayesemwa.

Sikilizeni sasa. Nyuzi zote sita za gitaa, zikishakazwa, zinavuta. Zinavuta mchana, zinavuta usiku, hata gitaa likiwa limelala mvunguni mwa kitanda. Seti ya nailoni inavuta kama kilo 40. Seti ya kawaida ya chuma ya gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, inavuta zaidi ya kilo 70. Mfuko wa saruji ni kilo 50, na daraja la gitaa la babu limeshikwa na gundi tu. Isitoshe, shingo ya gitaa la chuma huwa na nondo ndani yake, ya kuizuia isipinde. Magitaa mengi ya nailoni hayana nondo hiyo. Hayaihitaji.

"Basi likifungwa chuma, litavunjika hapo hapo?"

Hapana, na hiyo ndiyo hatari yenyewe. Leo utapiga. Kesho utapiga. Utasema, "Mbona zima?" Wiki zinapita, tumbo linaanza kuvimba nyuma ya daraja. Shingo inapinda taratibu. Nyuzi zinapanda juu, vidole vinauma. Kisha usiku mmoja, watu wamelala, mnasikia *pwaaa!* Daraja limeng'oka.

Msichana akaguna. Mzee akamwambia, "Gitaa lako kunong'ona si ugonjwa. Nyuzi zake zimechoka. Tutampa nailoni mpya, uone."

Na Nailoni si mtu wa juzi juzi, ingawa jina lake ni la kiwandani. Anarithi kiti cha mtu mwingine. Zamani magitaa ya namna hii yalifungwa nyuzi za utumbo wa kondoo.

"Utumbo, mjomba? Huu wa supu?"

Wa kondoo, ndiyo. Unasafishwa, unasokotwa, unakaushwa, unakuwa uzi mzuri kabisa. Ulikuwa na kasoro zake: hewa ikiwa na unyevu sauti inayumba, na hukatika upesi. Kisha vikaja Vita Vikuu vya Pili. Utumbo huohuo ulitakiwa na madaktari kushonea majeruhi, wapiga gitaa wakakosa nyuzi. Katika miaka ya 1940, huko New York, fundi wa magitaa Albert Augustine alichukua nailoni akaijaribu kwenye gitaa. Andrés Segovia, bingwa wa gitaa kutoka Uhispania, akaipenda. Tangu hapo kondoo wamepumzika kidogo. Hata nyatiti ya Wajaluo siku hizi hufungwa nailoni, ule mshipi wa kuvulia samaki.

Gitaa la chuma utalijuaje, basi? Litazame darajani. Utaona vijiti sita vimechomekwa kwenye matundu, kila kijiti kimekandamiza mkia wa uzi mmoja. Uzi wenyewe una kipete cha shaba mwishoni, kama punje ndogo, kinachonasa ndani ya tumbo. Hilo ndilo gitaa kavu la chuma. Hapo Bronzi anaruhusiwa kuingia.

Msichana alikuwa bado hajatosheka. Mtoto mzuri huyo! Alipitisha kidole juu ya nyuzi zake sita, akauliza, "Babu, kwa nini hizi tatu ni nene na hizi tatu nyembamba?"

Mzee angeweza kumwambia "ndivyo zilivyo." Hakusema hivyo. Alimtoa nje kwenye ukuta wa duka, na ninyi mtafanya kama alivyofanya yeye.

Chukueni kamba nene ya katani, ile ya kufungia mbuzi. Ncha moja ifungeni kwenye mti. Mmoja avute ncha ya pili mpaka kamba ikaze. Mwingine aigonge katikati. Mnaona? Inatikisika polepole, unaweza hata kuihesabu. Sasa fungeni kamba nyembamba ya kuanikia nguo, urefu uleule, mvuto uleule. Igongeni. Hiyo inakwenda mbio, macho hayaikamati. Vuteni zaidi: inazidi mbio. Sogeeni karibu na mti, kamba iwe fupi: inazidi mbio tena.

Basi. Kamba nzito hutikisika polepole. Kamba ndefu hutikisika polepole. Kamba iliyolegea hutikisika polepole. Na uzi ukitikisika polepole, sikio linasikia sauti nene. Ukitikisika haraka, sikio linasikia sauti nyembamba. Mtawa mmoja wa Ufaransa, Marin Mersenne, aliyaandika haya kitabuni mwaka 1636. Alifanya kama ninyi: alitumia nyuzi ndefu mno, ili mitikisiko yake aihesabu kwa macho.

Sasa rudini kwenye gitaa. Uzi wa sita, ule mnene wa juu, hutikisika mara 82 hivi kwa sekunde. Uzi wa kwanza, mwembamba wa chini, hutikisika mara 330 hivi. Mara nne zaidi! Lakini nyuzi zote sita zina urefu mmoja. Na ukimlegeza wa sita sana, atapwaya, atagonga shingo. Kimebaki nini?

"Uzito!"

Uzito, hongera. Wa sita lazima awe mzito.

Ila hapo kuna tatizo jingine, na mimi nalipenda tatizo hili kuliko yote. Ukichukua chuma kitupu ukakifanya kinene mara nne, hupati uzi. Unapata kijiti. Kigumu, hakikunjiki, sauti yake mbovu. Mafundi walifanyaje? Tumwulize mwenyewe.

"Mimi si mnene," alisema Uzi wa Sita kutoka ndani ya pakiti. "Watu wananionea tu. Ndani nina waya mwembamba unaokunjika vizuri. Nje nimezungushiwa waya mwingine, mzunguko kando ya mzunguko, kutoka mwanzo hadi mwisho. Koti linanipa uzito, mwili unabaki laini. Pitisha ukucha wako uone."

Pitisheni. *Krrrrrr.* Huo ndio mlio wa koti lake. Na hilo koti ndilo linalompa jina. Likiwa la shaba na zinki, 80 kwa 20, sauti inang'aa sana, kali, inachangamka. Likiwa la shaba na bati, na fosforasi kidogo, sauti ina joto zaidi, na kutu inachelewa. Yote mawili madukani huitwa bronzi. Mimi huchukua hili la pili. Lile la kwanza ni tamu siku tatu za mwanzo, kisha linafifia, hasa kwa sisi wa pwani.

Wakati mzee anamfungia msichana nyuzi zake, akaingia kaka yake mkubwa. Amevaa gitaa la umeme mgongoni.

"Shikamoo, mzee. Nipe Bronzi. Nasikia ndiyo yenye sauti."

Bronzi akaruka kwa furaha, pakiti nzima ikacheza. Mzee akavua miwani. "Gitaa lako ni lipi?"

Mnajua jibu? Gitaa la umeme lina pikapu.

"Pikapu ya kubebea mkaa?"

Ha! Hapana, mtundu wewe. Pikapu ya gitaa ni kidude chenye sumaku, kimezungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Kinakaa chini ya nyuzi bila kuzigusa. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, sumaku inasumbuka, na ndani ya waya ule unazaliwa umeme kidogo. Umeme huo unakwenda kwenye spika. Pikapu haina masikio. Haisikii hewa, haisikii mbao. Inahisi chuma tu.

Shaba, je? Sumaku haiishiki shaba. Nendeni mjaribu. Kwa hiyo koti la Bronzi pikapu hailioni kabisa. Inauona waya wa chuma uliomo ndani peke yake. Nyuzi nne zenye makoti zitanong'ona, mbili zilizo uchi zitapiga kelele. Nailoni naye? Ukimfunga kwenye gitaa la umeme la sumaku, utapiga mpaka jasho, spika iko kimya.

"Chukua Nikeli," alisema mzee. Koti la Nikeli huyu ni la chuma kilichopakwa nikeli, na sumaku inalishika vizuri. Bronzi akanuna.

"Lakini mjomba, kanisani kuna gitaa kavu, na lina waya unaokwenda kwenye spika. Nalo linafungwa Nikeli?"

Nani amefundisha jicho hili kuona hivi? Swali zuri mno. Magitaa mengi ya namna hiyo hayatumii sumaku. Chini ya mfupa mweupe wa daraja kumelazwa kipande chembamba kinachohisi mitikisiko inapokigandamiza. Hakijali uzi ni wa nini. Gitaa hilo lifungwe Bronzi yake kwa amani.

Sasa tumefika kwenye namba, na hapa ndipo watu wazima hugombana hasa.

Kaka alisema, "Haya, nipe Nikeli. Nipe namba 12. Mimi ni mwanaume."

Mzee akacheka mpaka kofia ikasogea.

Namba ni unene wa uzi. Hupimwa kwa sehemu za elfu za inchi. Pakiti ikiandikwa 10–46, maana yake uzi wa kwanza ni 10, wa sita ni 46. Wapigaji hutaja ule wa kwanza tu: "nipe namba 9," "nipe namba 10," na muuzaji anaelewa seti nzima. Namba 10 ni robo ya milimita. Namba 9 ni milimita 0.23. Ukiziweka pamoja huoni tofauti. Haifiki hata unene wa unywele.

"Sasa tofauti hiyo ina kazi gani?"

Kidole kinaijua. Kwenye gitaa la umeme lenye urefu wa kawaida, uzi wa kwanza wa namba 9 unavuta kama kilo 6. Wa namba 10 unavuta kilo 7 na zaidi. Wa namba 12 unavuta kilo 10 na nusu. Mpiga solo hausukumi uzi chini tu. Anauvuta pembeni ili sauti ipande, ilie. Jaribu kuvuta pembeni uzi wa kilo 10 na nusu, wimbo mzima, harusi nzima, mpaka saa tisa usiku. Ndiyo maana magitaa ya umeme mengi hufungwa namba 9 au 10. Spika ndiyo inayotoa ukubwa wa sauti, kwa hiyo uzi hauna haja ya kuwa na nguvu.

Gitaa kavu halina spika. Spika yake ni tumbo lake. Uzi mwembamba hauna nguvu ya kulitikisa tumbo kubwa vizuri, sauti inatoka ya njaa. Ndiyo maana gitaa kavu la mwili mkubwa hufungwa namba 12, yaani 12–53, na wengine hupanda hadi 13. Lakini kwa vidole vichanga kama vyenu mimi nasema namba 10 au 11 za gitaa kavu. Mtapoteza sauti kidogo. Afadhali kupoteza sauti kuliko mtoto kuliacha gitaa kwa sababu vidole vinavuja damu.

Na muwe macho: namba 10 ya gitaa kavu si sawa na namba 10 ya umeme, hata zikiwa za kampuni moja. Tazameni uzi wa tatu. Wa gitaa kavu kwa kawaida umevaa koti. Wa umeme kwa kawaida uko uchi, ili uvutike. Mtu akikuuzia seti akasema zote ni zilezile, mwombe akuonyeshe uzi wa tatu.

"Mjomba, lakini uzi mnene si ndio wa wapigaji wakali?"

Hilo ndilo alilodhani kaka yetu. Nitawasimulia mtu wa kweli.

Mwaka 1965, mjini Birmingham, Uingereza, kijana wa miaka 17 aitwaye Tony Iommi alikuwa kiwandani, siku yake ya mwisho ya kazi. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye ni wa mkono wa kushoto, kwa hiyo mkono wa kulia ndio unaobana nyuzi. Wengi wangeuza gitaa. Yeye aliyeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vikofia vya kuvisha vidole, akavifunika ngozi. Lakini nyuzi za kawaida zilikuwa nzito mno kwake. Nyepesi hazikupatikana. Akachukua nyuzi za banjo, ambazo ni nyembamba, akazifunga kwenye gitaa la umeme. Baadaye akazilegeza pia, zishuke sauti, ziwe laini zaidi. Bendi yake, Black Sabbath, ikawa miongoni mwa waliouanzisha muziki mzito kuliko wote wa gitaa. Mzito! Kwa nyuzi za banjo!

Alikuwapo mwingine wa Texas, Marekani, Stevie Ray Vaughan. Huyo alifunga namba 13 kwenye gitaa la umeme. Lakini naye alizilegeza nusu sauti, na bado vidole vyake vilichanika. Sauti yake ilikuwa nene, tamu. Alikuwa na mikono ya kazi hiyo. Kila mmoja wao alifuata mkono wake, wala hakufuata kicheko cha jirani.

Kaka akakuna kichwa. "Basi nipe 9." Mzee akamwuliza tena gitaa lake ni lipi, safari hii akipima kwa utepe kutoka mfupa wa juu hadi darajani. Kwani mnakumbuka kamba? Ndefu na fupi? Magitaa ya kampuni ya Fender kwa kawaida yana sentimita 64.8 za uzi unaotikisika. Mengi ya kampuni ya Gibson yana kama 62.9. Kwenye lile fupi, uzi uleule kwa sauti ileile mvuto wake unapungua kidogo, unakuwa laini. Kwa hiyo 10 kwenye fupi inakaribia ulaini wa 9 kwenye refu. La kaka lilikuwa fupi. Alitoka na 10, na hakujutia.

Namna ya kupiga nayo ina neno lake. Mwaka 1952, huko Jadotville, Kongo, mji unaoitwa Likasi leo, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi kijana wa Katanga, Mwenda Jean Bosco. Alipiga gitaa kavu la chuma kwa vidole viwili tu: gumba na cha shahada. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene, cha shahada kinacheza kwenye nyembamba, na unaposikia unaapa kuwa wapigaji ni wawili. Ukitaka kujifunza upigaji wa namna hiyo, au mtindo wa omutibo wa magharibi ya Kenya, hutaki nyuzi nene zinazofunika nyembamba, wala nyembamba zinazomezwa. Mimi ningefunga 11 au 12 za bronzi ya fosforasi. Anayepiga kwa kuchapa nyuzi zote pamoja, kwaya nzima iko nyuma yake, achukue 12 bila wasiwasi.

Mkibadili namba, gitaa litajua. Ukitoka 10 ukaenda 12, mvuto unaongezeka, shingo inainama mbele, nyuzi zinanyanyuka. Ukishuka, shingo inarudi nyuma, nyuzi zinaweza kuvuma zikigusa freti, vile vyuma vilivyolazwa shingoni: *zzzz*. Fundi anaikaza au kuilegeza ile nondo ya ndani kidogo tu. Msiizungushe wenyewe. Siku moja mtajifunza.

Adui wa nyuzi zetu sisi wa Tanga, Mombasa na Unguja ni hewa ya chumvi. Ongeza jasho la vidole. Uzi wa chuma unaweza kushika kutu mapema sana. Ufute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, juu na chini yake. Ziko nyuzi zilizopakwa utando mwembamba wa kuzuia jasho. Bei yake inauma, lakini hukaa muda mrefu. Kama gitaa linalala chumba cha karibu na bahari, mimi ningezinunua.

"Nitajuaje uzi umezeeka, mjomba?"

Ingiza kidole chini ya uzi, uupapase kutoka kichwani kuelekea tumboni. Ukihisi vishimo vidogo pale freti zinapougonga, umechoka. Koti likiwa jeusi, umechoka. Ukikaza vizuri na bado haukai kwenye sauti, umechoka sana. Wapiga besi wengine, kwa kuwa nyuzi zao ni za bei, huzichemsha kwenye sufuria. Ndiyo, sufuria! Uchafu unatoka kwenye mikunjo ya koti, sauti inang'aa tena siku chache. Msiijaribu bila ruhusa ya mama, na msitumie sufuria ya wali.

Msichana alipiga gitaa lake palepale dukani, likiwa na nailoni mpya. Halikunong'ona. Lakini baada ya muda mfupi sauti ilishuka, akakunja uso. Mzee akamwambia nailoni mpya hunyooka siku kadhaa kabla ya kutulia. Kaza, piga, kaza tena. Chuma hutulia haraka zaidi.

"Mjomba, swali la mwisho. Uzi upi hukatika kwanza?"

Kwa chuma, mara nyingi ni wa kwanza, ule mwembamba. Maduka mengine huuza uzi mmoja mmoja, kwa hiyo ukinunua seti ongeza wa kwanza mwingine wa namba ileile, uuweke kwenye mfuko wa begi la gitaa. Kwa nailoni, nyembamba hudumu. Anayekatika mapema ni wa nne, aliyevaa koti jembamba juu ya nyuzinyuzi laini, kwa sababu freti zinamla koti. Msichana wetu alinunua wa nne wa akiba.